Mwanya Katika Sheria

Msomaji, kila sheria iliyotungwa na mwanadamu ni kama ua wa miti uliozunguka shamba. Ua huzuia ng'ombe, lakini kuku hupenya. Mwenye shamba aweza kuongeza miti mpaka kuku asipenye, na hapo ataona kwamba panya apenya. Hakuna ua usio na mwanya, wala hakuna sheria isiyo na mwanya, kwa maana mtunga sheria huyaona mambo ya jana na ya leo, na ya kesho yamefichika kwake. Basi tusipoteze wakati kuuliza kama mwanya upo. Tuulize hivi: anapotokea mtu mwerevu akauona mwanya na akapita, je, tumsifu au tumrudishe?

Swali hili ni kubwa, nami nitalieleza kwa jambo dogo, yaani mchezo. Usidharau mchezo. Mezani pa mchezo tabia ya mtu huonekana upesi kuliko barazani, kwa sababu mchezoni mtu husahau kujilinda.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Mgeni afikaye kwetu huona vilima vya kijani vilivyokatwa sawasawa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Alasiri huona mvua, na mara nyingi pamoja na mvua huona mawe ya barafu yakipiga mabati kwa kishindo, hata mwalimu asisikike darasani. Jumamosi ya namna hiyo haifai mpira wala matembezi. Ndipo wanafunzi wachache wakaja kwangu, wakaomba tuwe na chama cha mchezo wa hadithi, nami nikakubali kuwa msimulizi wao.

Mchezo huo asili yake ni Marekani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo ulioitwa Dungeons & Dragons, na tangu hapo michezo ya jamii hiyo imekuwa mingi. Hauna mashimo na kete kama bao, wala hauna mshindi mmoja kama mpira. Mtu mmoja huwa msimulizi. Yeye hueleza mahali, watu, wanyama na hatari, na yeye ndiye mwamuzi. Wengine kila mmoja huchukua nafsi moja katika hadithi: huyu askari, yule mwizi, yule mchawi. Msimulizi husema, "Mmefika mtoni, na daraja limelindwa. Mwafanya nini?" Kila mmoja hueleza afanyalo, na jambo likiwa na shaka hutupwa dadu yenye nyuso 20 ili bahati iamue.

Wale walio wachawi katika hadithi wana matamko. Kila tamko limeandikwa kitabuni: lafanya nini, lafika umbali gani, ladumu kwa muda gani. Nasema ni uchawi wa hadithi, wa jamii moja na majini na mazimwi ya ngano za bibi zetu, ambao haujamdhuru mtu ila yule aliyekwenda kulala na hofu. Sasa, kitabu kimeandikwa kwa maneno, na palipo na maneno pana mianya. Nitakusimulia mambo mawili yaliyotokea mezani petu, kisha wewe mwenyewe uyapime.

Jumamosi moja wachezaji wangu walifika kwenye daraja usiku. Walinzi walikuwa 12, nao walikuwa watano. Vita vingewaangamiza. Miongoni mwao alikuwako binti mmoja ambaye kwa wiki nyingi hakusema neno mezani ila, "Nami nawafuata." Alikuwa na tamko moja dogo la kutia nuru katika kitu kimoja kwa muda wa saa moja, na wote walilihesabu kuwa taa tu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, kitu chenyewe chaweza kuwa kibuyu?" Nikasema chaweza. "Na kibuyu huelea?" Nikasema huelea. Basi akakitia nuru, akakiweka majini juu ya daraja, kikateremka na mkondo katika giza kama jicho la zimwi. Nikatupa dadu kwa ajili ya walinzi. Wakashikwa na mshangao, wakakifuata kando ya mto wajue ni kitu gani, na wale watano wakavuka.

Mwenziwe mmoja hakuridhika. Akafungua kitabu akasema, "Hapa hapakuandikwa kwamba tamko hili huvuta walinzi." Meza ikanyamaza, na yule binti akainamisha uso. Nilijua kwamba jibu langu litaamua kama atasema tena mezani au atarudi katika ukimya wake. Nikajibu, "Kweli, hapakuandikwa. Wala hapakuandikwa kwamba walinzi ni vipofu. Tamko limefanya lile lililoandikwa, limetia nuru katika kitu kimoja, wala halikuzidisha hata chembe. Yaliyosalia yamefanywa na mto, na giza, na udadisi wa walinzi." Hoja ikaisha, na binti akainua uso.

Jambo la pili lilikuja baada ya wiki chache. Kijana mmoja mwenye akili kali kama wembe alikuwa na tamko la kuumba maji katika chombo kilicho wazi. Wachezaji walisimama mbele ya mfalme dhalimu aliyewafunga watu wa kijiji kizima. Kijana akasema, "Mfalme anazungumza, kwa hiyo kinywa chake kiko wazi. Kinywa ni chombo. Naumba maji ndani yake, mapafu yajae, afe." Meza ikacheka na kupiga makofi.

Yafaa ujue, msomaji, kwamba hila hii ni mashuhuri mahali pengi mchezo huu unapochezwa, hata katika toleo la mwaka 2003 watungaji waliandika waziwazi kwamba tamko la kuumba vitu haliwezi kuviumba ndani ya kiumbe. Ningaliweza kumwambia kijana, "Haiwezekani," na mambo yakaisha. Walakini mwerevu anayeambiwa haiwezekani bila sababu hujifunza jambo moja tu, kwamba mwenye kiti ana nguvu. Nikachagua kumwuliza maswali matatu.

La kwanza, "Ukienda jikoni ukamwambia mpishi akupe chombo kilicho wazi, atakuletea nini?" Akatabasamu akasema, "Sufuria au bakuli." La pili, "Tamko hili hujifunza kila mchawi anayeanza. Kama laweza kuua wafalme, mbona mfalme huyu mwenye maadui wengi yu hai mpaka leo?" Hapo hakujibu. La tatu, "Mfalme naye ana wachawi wake. Nikilikubali hili leo, kesho watalitumia juu yako unapofungua kinywa kunena. Wakubali?" Akafikiri, akawatazama wenzake, akasema, "Sikubali." Nikamwambia, "Basi umejihukumu mwenyewe. Lakini maji yako bado unayo, na vyombo vilivyo wazi ukumbini si haba."

Akakaa kimya kwa muda. Kisha akasema polepole, "Mbele ya mfalme pana jiko kubwa la makaa, maana nchi hii ni ya baridi. Jiko ni chombo kilicho wazi." Akalijaza maji. Moto ukalia, mvuke ukatanda ukumbi mzima, mtu asimwone jirani yake, na katika ukungu ule askari na mwizi wakawafungua wafungwa wote. Hapo makofi yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu safari hii kila mchezaji alikuwa na kazi ya kufanya.

Sasa pima. Watu hawa wawili walifanya jambo ambalo kitabu hakikulitaja. Kwa nini kibuyu kikubaliwe na kinywa kikataliwe? Mimi naona tofauti ni hii. Werevu wa kweli hutegemea jinsi vitu vilivyo: kibuyu huelea, moto hutoa mvuke ukimwagiwa maji, mlinzi huvutwa na ajabu. Hila hutegemea jinsi maneno yalivyoandikwa tu. Ukilibadilisha neno moja kitabuni, hila hufa palepale, lakini kibuyu huendelea kuelea.

Kuna hila nyingine ya mchezo huu ambayo yaonyesha jambo hilo wazi zaidi. Kitabu husema kwamba duru moja ya vita ni sekunde 6, na kwamba katika duru hiyo kila mtu aweza kumpokeza jirani yake kitu. Basi wenye hila wakasema: tuwapange wakulima maelfu katika mstari mmoja, mti mmoja upokezwe toka mkono hadi mkono, nao utapita maili nzima katika sekunde 6, na ukitoka mwishoni uruke kama risasi. Tazama jinsi wanavyofanya. Wanapohesabu wakati wanashika kitabu na kuyasahau maumbile, na wanapotaka risasi wanayashika maumbile na kukisahau kitabu. Ni kama mtu anayekula katika sahani mbili kwa malipo ya moja. Katika kitabu cha wasimulizi cha mwaka 2024 watungaji walijibu kwa ufupi kwamba sheria za mchezo si sheria za maumbile.

Usidhani kwamba mambo haya yametoka ng'ambo pamoja na dadu. Wazee wa pwani yetu waliyajua zamani. Katika utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, tunasoma kwamba maadui wa Liyongo walifanya kikoa cha kula makoma. Kila mmoja kwa zamu yake alipanda mkoma na kuangusha matunda kwa ajili ya wenzake. Shauri lao la siri lilikuwa kwamba zamu ya Liyongo itakapofika, naye yu juu mtini, wampige mishale afe. Zamu ilipofika Liyongo alitwaa uta wake, akayaangusha makoma kwa mishale akiwa amesimama chini. Alitimiza sharti lote la kikoa. Wenzake walikula, wakashiba, na hapakuwa na mtu wa kulalamika ila yule ambaye nia yake ilikuwa mbaya tangu mwanzo.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali na vilima vyetu. Katika michezo ya Olimpiki ya Mexico City, mwaka 1968, kijana wa Kinandi, Amos Biwott, alishiriki mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Wenziwe waliporuka shimo la maji walitua ndani yake na kulowa, kama ilivyokuwa desturi. Biwott aliruka kwa namna yake mwenyewe, akatua ng'ambo na miguu mikavu. Watazamaji walistaajabu, maana hawakuwa wamezoea kuona mwendo wa namna ile. Lakini sheria ilimtaka mkimbiaji avuke, haikumtaka alowe. Biwott akapata dhahabu, na Mkenya mwenziwe, Benjamin Kogo, akapata fedha. Laiti mwamuzi angalisema, "Hatujapata kuona hivi, kwa hiyo ni kosa," dunia ingalipoteza jambo jema. Mazoea ni mwalimu mzuri, walakini hayana mamlaka ya hakimu.

Lakini uko upande wa pili. Mwaka 1994 Barbados na Grenada zilicheza mpira katika mchujo wa Kombe la Karibi. Watunga sheria wa mashindano yale walikuwa wameamuru kwamba mchezo ukiwa sare uongezwe muda, na bao la kwanza katika muda huo lihesabiwe kuwa mawili. Barbados ilihitaji kushinda kwa tofauti ya mabao mawili ili isonge mbele. Iliongoza 2-0, kisha dakika ya 83 Grenada ikapata bao moja. Zikiwa zimebaki dakika chache, wachezaji wa Barbados waliutia mpira katika lango lao wenyewe kwa makusudi, ili iwe 2-2 na muda uongezwe. Grenada ilipotambua, ikataka kujifunga nayo, kwa maana kushindwa 3-2 kungeitosha. Basi kwa dakika zilizosalia Barbados ililinda malango yote mawili, lake na la adui! Katika muda wa nyongeza Barbados ikapata bao, likahesabiwa mawili, ikasonga mbele.

Je, wachezaji wale walivunja sheria? La. Walidanganya? La. Lakini mpira siku ile haukuwa mpira, kwa maana mtazamaji hakujua tena nani ashambulia wapi. Hapa lawama ni ya mtunga sheria, na dawa yake si kumpiga mchezaji bali kuziba mwanya. Nao mwanya huzibwa baada ya mchezo, mbele ya watu wote, kwa ajili ya michezo ijayo. Mwamuzi anayebadilisha sheria katikati ya mchezo ili kumkomoa mwerevu mmoja, yeye ndiye mwenye hila kubwa kuliko wote.

Huenda utasema, "Mwalimu, hayo ni michezo. Maisha yana nini?" Tazama chai. Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Kanuni njema ya kuchuma ni majani mawili na chipukizi lake, lakini mizani haina ulimi wa kuonja. Haijui jani laini na jani gumu, wala jani kavu na jani lililolowa. Yajua uzito tu. Hapo pana mwanya ambao hata mtoto auona. Ndiyo sababu majani hayapimwi uzito tu, bali hukaguliwa kwa macho na kwa mkono, na yaliyolowa hupunguziwa uzito wa maji. Mtu anayetia majani magumu kapuni hupata senti chache leo, na chai inayotoka kiwandani huharibika kwa wote, pamoja na jirani yake aliyechuma kwa uaminifu tangu alfajiri. Hila mezani huiba furaha ya saa moja. Hila kwenye mizani huiba ada ya mtoto wa mtu.

Basi nimejifanyia vipimo vitatu, nami nakukabidhi uvitumie. Cha kwanza: je, jambo hili lafuata maana ya sheria kama watu wanavyoielewa, au lafuata herufi zake tu? Cha pili: je, ningekubali lifanywe juu yangu? Cha tatu: je, lawaachia wenzangu nafasi, au lawafanya wakae bure wakinitazama? Kibuyu kilipita vipimo vyote vitatu. Kinywa cha mfalme kilianguka katika kila kimoja.

Na mwamuzi naye ana wajibu wake. Asikilize kabla ya kukataa. Atoe sababu anapokataa. Akikubali leo, akumbuke kukubali kesho kwa mwingine, maana neno alilompa mmoja amewapa wote. Nasema hivi kwa sababu wale vijana wa meza yangu hawatakaa mezani siku zote. Watasimama mbele ya watoto 50, na kila mmoja wao atakuwa mwamuzi kutwa.

Muhula uliofuata nilikwenda kuwakagua wanafunzi wangu katika mazoezi ya kufundisha. Yule binti wa kibuyu alikuwa akifundisha vitendawili katika shule ya msingi iliyo ukingoni mwa mashamba ya chai. Akatega, "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto mmoja akainua mkono akasema, "Kokwa ya parachichi." Darasa likaangua kicheko, kwa sababu wote walijua kwamba jibu la kitabu ni yai. Yeye hakucheka. Akamwuliza, "Kwa nini?" Mtoto akasema, "Mti umelala ndani, mwalimu, na siku ya kutoka hupasua ukuta."

Kicheko kikakoma. Mtoto mwingine, alipoona mlango umefunguka, akasema upesi, "Mpira!" Naye akaulizwa vilevile, "Nani akaa ndani?" Akasema, "Upepo." Darasa likajadili jambo hilo kwa bidii, na mwisho wakakata shauri wao wenyewe kwamba upepo ni mgeni, hauna nyumba, kwa hiyo mpira haukufaa. Kisha mwalimu akaandika ubaoni *yai*, na chini yake akaandika *kokwa*, akamwambia yule mtoto wa kwanza, "Sasa tega wewe."

Msomaji, nawe siku zako zitakuwa za namna mbili. Siku nyingine utakuwa mchezaji, nawe utauona mwanya ambao wenzako hawakuuona. Usiogope kuutazama, kwa maana macho yaonayo mianya ni zawadi. Lakini kabla hujapita, geuka uangalie ni nani watakaoachwa nyuma. Siku nyingine utakuwa mwamuzi, na mtu mdogo kuliko wewe atakuletea jibu lisilo kitabuni. Siku hiyo usikimbilie kusema ndiyo wala la. Mwulize kwanza, "Kwa nini?" Kisha mwache amalize kusema.